Ikulu ya Mivumu Minne

Mgambo alikuja na kamba ya katani wakati chapati iko kwenye kikaango na madereva wanasubiri mbele yangu. Hakusalimia. Alifunga ncha moja ya kamba kwenye mti wa kwanza wa mvumu, akapita nyuma ya mgongo wangu hadi wa pili, akaruka ndoo yangu ya unga kama mtu anayeruka mtaro, na alipofika nilipokaa akasema, "Dada, inua mguu."

"Niinue mguu kwa nani?"

"Kwa kamba."

Madereva wakacheka. Mwanangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa anatembea lakini ziwa hajaliacha, aliishika ile kamba akaanza kuivuta upande wake. Mgambo akavuta upande wa serikali. Nikamuuliza wanapima nini, choo?

"Choo kimeahirishwa. Hapa pamekuwa pa historia."

"Pamekuwa lini? Jana jioni nilipofunga palikuwa pa chapati."

Akaendelea kufunga fundo. Alikuwa ametumwa na mwenyekiti wa kijiji, na mtu aliyetumwa huwezi kugombana naye, ni kama kugombana na baiskeli. Lakini nilijua hapo hapo kwamba nafukuzwa, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mji wetu uko kando ya barabara ya lami, malori yanapita kwenda Rusumo na yanapita tena kurudi. Hatuna mgodi, hatuna ziwa. Tuna barabara. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unamwambia pale malori yanaposimama kula, anapajua. Wahangaza wa tangu zamani wapo, wana migomba yao na misalaba ya wazee wao nyuma ya nyumba, lakini simama sokoni siku ya gulio usikilize. Kwa wauza ng'ombe ni Kisukuma. Kwenye maduka ya vitambaa ni Kihaya. Wanaoleta mahindi na maharage kutoka Runazi wanabishana Kisubi. Na Kirundi kipo kila mahali, kwa sauti ya chini. Kila mtu kaja, na kila mtu anasema ataondoka. Hata aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuweka madirisha ya vioo anaongea kama anayesubiri basi. Nimekulia humo. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha mji huu nikaegemea.

Baba wa mwanangu alikuwa akibeba makaratasi ya mawakala wa forodha pale Rusumo. Alikuja kula, akakaa, akapanda lori la kwenda Kahama, hakurudi. Simlilii. Namtaja ili ieleweke kwa nini kile kivuli hakikuwa mchezo kwangu. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kunirudisha nyumbani, nikapata mtoto, nikapata jiko. Mivumu ile minne ilikuwa imesimama kwa mraba katika eneo la wazi la kijiji, ng'ambo ya maegesho ya malori, na kivuli chake hakiondoki tangu asubuhi hadi jua linapozama, kinahama tu kutoka mti huu kwenda huu. Dereva aliyetoka Dar es Salaam anatafuta kivuli kabla ya chakula. Mwanangu alikuwa analala hapo juu ya kanga bila nzi wala vumbi la barabara. Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo.

Kwanza walitaka kujenga choo cha stendi palepale. Tulikuwa tunasubiri kupandishwa tuwe mji mdogo, na mji mdogo hauwezi kuwa na abiria wanaojisaidia kwenye migomba ya watu. Walikuja wakaonyeshana kwa vidole wapi shimo litachimbwa. Nilipiga kelele siku ile hadi sauti ikakauka. Halafu mambo yakageuka. Mwenyekiti alisikia kwamba kule walikopandishwa kabla yetu, mgeni rasmi alisimama akauliza, "Na historia ya mji wenu ni nini?" na watu wakabaki wanaangaliana. Naye hakutaka aibu hiyo. Akaanza kuulizia historia kama mtu anayeulizia mbuzi aliyepotea.

Ikapatikana kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa kununua kahawa zamani, amestaafu, anakunywa chai kwenye benchi langu na kulipa kwa maneno. Alisema mivumu haijipandi kwa mraba. Alisema zamani, mwami, yule mfalme wa huku, akijenga, hupandwa mivumu kuzunguka boma lake, na boma likishaoza na ukoo ukishatawanyika, miti ndiyo inayobaki kushuhudia. Hilo ni kweli, hata shuleni tuliambiwa. Ukiona mvumu mkubwa peke yake kilimani ujue palikuwa na mkubwa. Kwa hiyo, akasema mzee, hapa dada anapokaangia chapati palikuwa ikulu.

Mji ukaipokea hiyo habari kama mvua. Watu wa kuja wote, Wasukuma, Wahaya, wauza mitumba kutoka Kahama, ghafla wakawa na mwami. Mwenye gereji akaanza kuwaambia wateja, "Sisi hapa tulikuwa na ikulu."

Mimi nilikuwa najua ile miti ni nini.

Nilijua tangu nilipokuwa wa kuchunga mbuzi. Siku moja nilipanda mmojawapo, mama akaja mbio, akanishusha kwa mguu na kunichapa kwa kandambili, na alipomaliza, anahema, akasema, "Usipande juu ya nyumba yangu." Baadaye, kwa kuwa sikuacha kumsumbua, akanieleza. Alivuka mpaka kutoka Burundi pamoja na wengine, wakati ule wa watu wengi. Wenzake waliendelea hadi kambi ya wakimbizi. Yeye alichoka, akabaki pembeni mwa shamba la migomba la mzee mmoja Mhangaza, akaomba kijisehemu cha kulala. Fito kavu hakuwa nazo. Alikata matawi mabichi ya mvumu kwenye ua wa watu, akayachimbia pembe nne, akafunga nyasi juu. Mvumu ukiukata mbichi ukauchomeka ardhini, unashika. Mvua zilipokolea nguzo zikaota majani, mama akawa analala ndani ya nyumba inayochipua. Kijana wa yule mzee akawa anapita pale kila mara kuangalia hiyo ajabu, na mwisho akamwoa. Huyo ndiye baba yangu. Walihamia kwenye nyumba ya udongo huko juu, nyasi za kibanda mbuzi wakazila, lakini nguzo hazikung'oka. Baba alipofariki na ile sehemu ya shamba ikawa ya kijiji, miti ilikuwa imekwisha kuwa miti.

Na mama akawa mtu wa Bugarama. Ndivyo alivyosema kwa kila aliyemuuliza. Bugarama iko kule mpakani, Kihangaza cha huko na Kirundi vinafanana, hakuna anayekushangaa. Ulipopita msako wa wahamiaji, alisema Bugarama. Kanisani, Bugarama. Akawa na mjomba huko ambaye hajawahi kuwako, mwenye mguu mbovu, na sisi nyumbani tulikuwa tunamwulizia hali mbele ya wageni.

Kikaitishwa kikao. Mwenyekiti akaeleza kwamba eneo litawekwa uzio, biashara zote zitatoka, na siku ya sherehe mgeni rasmi atalizindua. Biashara zote maana yake ni mimi na muuza ndizi mbivu, mama mmoja mnene anayechekea msiba.

"Kumbe umekuwa ukikaanga chapati sebuleni kwa mfalme!" akanipigia kelele mbele ya watu. "Ndiyo maana zina chumvi, jasho la watumwa!"

Nikasimama. "Nauliza. Nani alimwona huyo mwami?"

Mzee karani akajibu taratibu, hata hakunigeukia. "Binti, wewe ni wa juzi."

"Na wewe mzee wangu, shikamoo, wewe ni wa lini? Si ulikuja hapa na mizani ya kahawa kutoka Biharamulo?"

Watu wakaguna. Mzee akageuka sasa. "Marahaba. Mizani nilikuja nayo, ndiyo. Na masikio nilikuwa nayo pia. Haya niliyasikia kwa baba yangu, ambaye aliyasikia kwa baba yake."

Wakampigia makofi. Mwenyekiti akaniambia nitapewa sehemu nyingine. Wapi? Itaangaliwa. Nikafungua mdomo niwaambie palepale ni nguzo za kibanda cha nani, na hapo nikahisi kanga inavutwa kutoka nyuma. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Alivuta mara moja, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo, nikakaa.

Kesho yake nilimkuta nyumbani anachambua maharage kwenye ungo, mjukuu wake anamwaga upande wa pili.

"Mama, siku ya sherehe nitasimama mbele ya huyo mgeni rasmi na nitasema."

"Utasema nini?"

"Kwamba ni kibanda chako. Kwamba hakuna mwami wala nani. Wananifukuza kwa ajili ya uongo."

"Ukishasema, mimi nilale wapi siku hiyo?"

"Hakuna atakayekugusa. Baba alikuwa wa hapa. Mimi ni wa hapa."

"Wewe ni wa hapa," akasema, akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mimi ni wa Bugarama."

Nilimwambia nimechoka na Bugarama. Nilimwambia nimechoka na mjomba wa mguu mbovu. Nikasema yule karani ni mwongo mkubwa, baba yake hakuwahi kufika huku, hayo mambo ameyatoa wapi kama si kwenye chai yangu ya bure.

"Ameyatoa kwangu," mama akasema.

Nikadhani sikusikia. Akarudia, mikono yake haikuacha kuchambua. Siku walipokuja kuonyeshana mahali pa shimo la choo, yeye alikwenda kwa yule mzee na kidumu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akamwambia mama mkwe wake, kabla hajafa, alimnong'oneza kwamba miti ile ni ya boma la mwami. "Nikamwambia, lakini usiseme umeyapata kwangu, habari za mwami hazipendezi kinywani mwa mwanamke. Alifurahi! Alifurahi sana, mwanangu. Kabla kidumu hakijaisha alikuwa ananieleza mimi."

"Kwa ajili ya miti? Umenifukuza kwenye kazi yangu kwa ajili ya miti?"

"Kwa ajili ya shimo. Walitaka kuchimba shimo." Sasa mikono ikasimama. "Kuna mtoto pale."

Alisema hivyo kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea naye Kirundi, na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hilo alilisema kwa Kiswahili, labda kwa sababu kwa Kirundi asingeweza.

Alikuwa na mtoto kabla yangu. Wa kiume. Alivuka naye mgongoni. Hakuchoka yeye njiani, aliyechoka ni mtoto, na ndiyo sababu hakufika kambini na wenzake. Aliishi naye mle kibandani kidogo, wakati wa mvua, na alipofariki hakuwa na ardhi ya kumzika. Angeomba kwa nani, yeye ambaye alikuwa ameomba mpaka mahali pa kulala? Alichimba ndani, pembe ya mashariki, chini ya mahali alipolala. Akaendelea kulala hapo juu. Baba alijua. Bibi alijua. Wote wamekufa.

"Alikuwa mkubwa kama huyu," akasema, akamwonyesha mwanangu kwa kidevu.

Mtu angetarajia niseme nililia. Sikulia. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. "Umeniacha nikakaanga chapati juu yake? Miaka yote hii?"

"Ulikuwa unakaangia upande wa magharibi. Nani alikuonyesha mahali pa kuweka jiko siku ya kwanza?"

Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza alikuja akanisogezea jiko kwa mikono yake, akasema upepo unatoka huku. Mimi nikadhani ni mambo ya upepo.

"Na moto haukumdhuru," akaongeza. "Alikuwa anaogopa baridi."

Nilimchukua mwanangu nikatoka. Nilitembea hadi mwisho wa lami na kurudi, kwa hasira, sijui hata nani nilimsalimia. Nilimkasirikia mama kwa kunificha, nikamkasirikia kwa kuniambia. Ningejua mapema ningekuwa na kaka maisha yangu yote. Nisingejua kabisa ningekuwa bado na haki ya kupiga kelele. Sasa nilikuwa na vyote viwili mdomoni na sina pa kuvitema.

Nikahama. Kwanza niliweka jiko karibu na fundi pancha. Moshi wa mpira uliokuwa unachomwa ukaingia kwenye chai, wateja wakakimbia. Nikaenda nyuma ya mashine ya kusaga, pale unga unakufuata mpaka kwenye nyusi na kelele ya injini hairuhusu mtu kuagiza. Nikaegemea ukuta wa baa, mwenye baa akasema wanywaji hawapendi kuona mtoto ananyonya. Nikamwambia nao walinyonya. Akanipa siku ileile kuondoka. Mwisho nikajibanza ng'ambo ya barabara, kwenye jua, karibu kabisa na malori yanapokata kona. Mwanangu alikuwa amejua kukimbia. Nilimfunga kanga kiunoni, ncha nyingine nikaifunga kwenye mguu wa benchi.

"Mtoto si mbuzi, mama," dereva mmoja akaniambia.

"Basi mlinde wewe, mimi nikukaangie."

Akainamia sahani akala. Kutoka pale nilipokaa niliona kila kitu. Niliona nguzo za chuma zinasimikwa nje ya mivumu, senyenge inavutwa, geti la bati linapakwa rangi ya bluu. Nilihesabu kila pigo la sururu. Walichimba kwa nje tu. Mama naye alikuwa anapita barabarani na kikapu, kila siku ana safari ya kwenda dukani, na kila siku anasahau kitu anarudi. Hakuwa anaangalia kule. Alikuwa anasikiliza.

Siku ya sherehe walikuja hata watu wa vijijini ambao mji huwa hauwahusu. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma, kwaya ya parokia, ngoma. Mgeni rasmi alivaa suti ya kijivu na viatu ambavyo havikuwa vya vumbi letu. Mzee karani alikuwa na mkuki, sijui aliupata wapi, na shuka jekundu begani. Akasimulia. Nakiri alisimulia vizuri. Alimpa mwami wake ng'ombe wenye pembe ndefu, akampa wapiga ngoma, akampa mke mkubwa mwenye wivu. Wasukuma nyuma yangu walikuwa wanasema "eeh" kila anapomaliza sentensi.

Halafu akasema desturi inataka bibi wa mtaa, mkongwe wa eneo, aingie kwanza na kibuyu cha rubisi awape wenyewe wa zamani. Mkongwe wa karibu na mivumu alikuwa ni nani? Mama yangu. Walikuwa wamekwisha kumwambia, mimi hakuniambia. Akatokea na kitenge kipya na kibuyu, akapita getini ameinamisha kichwa, na wala hakwenda katikati kama walivyomwelekeza. Alikwenda pembe ya mashariki. Akapiga magoti. Akamimina kidogo kidogo, mkono wake wa kushoto umeshika ardhi, na alipomaliza kumimina hakuinuka.

Mshereheshaji akangoja, akakohoa kwenye spika. "Bibi, mwami amekwisha kunywa, asante. Au anaongeza?"

Watu wakacheka. Mama hakuinuka.

Wakaona wamwache, ratiba inakimbia. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mgeni rasmi atapanda mti wa kumbukumbu ndani ya ikulu. Vijana wawili wakaingia na sururu na chepe, mmoja amebeba mche wa mgravilea kwenye mfuko mweusi. Mwenyekiti akaangalia jua, akaangalia kivuli, akasema mti mchanga unataka jua la asubuhi, na akaonyesha pembe ya mashariki. Palepale alipopiga magoti mama. Kijana wa sururu akamwambia kwa heshima, "Bibi, tusogee kidogo." Mama akaweka na mkono wa pili chini.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye senyenge na mtoto mgongoni. Nilikuja siku ile bila kujua nitasema nini. Wallahi, hata asubuhi nilikuwa bado nataka kusema. Sherehe yote ile, suti, mkuki, kwaya, na mimi naungua jua ng'ambo kwa ajili ya nguzo za kibanda. Neno moja tu lingewatosha.

"Hapo hapachimbwi!"

Sauti yangu haihitaji spika. Kijana akashusha sururu. Mwenyekiti akageuka, uso umekunjamana. "Dada, tutaongea baadaye. Tulia."

"Situlii. Nimesema hapo hapachimbwi."

Muuza ndizi akasema, "Leo chapati imeungua," na watu wakacheka tena, lakini mgeni rasmi aliinua mkono.

"Mwacheni aseme. Kwa nini hapachimbwi, mama?"

Nilimwona mama amegeuza kichwa. Ananiangalia, magoti chini, na nilijua anasubiri nimtoe Bugarama mbele ya wilaya nzima. Hakutikisa kichwa kunikataza. Aliniachia.

Nikasema, "Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa hapa na kuzikwa hapa, alinifundisha. Ndani ya mivumu chuma hakigusi ardhi. Si jembe, si sururu, si mkuki." Nikamwangalia mzee, akauondoa mkuki wake taratibu chini akaukumbatia. "Mwami alikataza. Na hakuna kukanyaga ile pembe ya mashariki, ndipo alipokuwa analala. Anayeingia anakaa upande wa magharibi. Mkichimba humo, mji huu hautakaa utulie."

Uongo mtupu, kila neno, nimeutunga na mate yangu mwenyewe, mimi ambaye mji mzima unajua mdomo wangu hauna kona. Mgeni rasmi akamgeukia mzee karani. "Ni kweli, mzee?"

Mzee akajinyoosha. Akapangusa macho kwa ncha ya shuka jekundu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama kuna kijana hata mmoja anayeijua. Baba yangu aliniambia hivyohivyo, maneno hayohayo. Chuma ni mwiko."

Wakapiga makofi, wengine vigelegele. Wasukuma wakasema "eeh." Mwenyekiti akawatoa vijana na sururu yao mbio, kama vile ni yeye aliyewagundua. Mgravilea ukapandwa nje, karibu na barabara, mbuzi wakaula kabla haujashika. Mama akainuka peke yake, akajipangusa magoti, akapita karibu yangu bila kuniangalia, akasema kwa Kirundi nimfunge mtoto vizuri, anaanguka.

Sasa huwa wanafunzi wanaletwa. Mzee anawasimulia mwiko wa chuma, amekwisha kuuongezea: kuna mtu alichimba zamani akawa kipofu. Wanavua viatu getini, hata mimi sijui nani aliwaambia wavue. Na ufunguo wa kufuli la geti amepewa mama, kwa sababu mwenyekiti alisema lazima patunzwe na mtu wa eneo anayezijua mila. Miaka yote ile alikuwa anapita pale ameinamisha kichwa, anaogopa hata kusimama. Leo kila asubuhi anafungua, anaingia na ufagio, anafagia ile pembe, anakaa kidogo, na watu wanaopita wanamwambia, "Shikamoo bibi, pole na kazi."

Watu wananiuliza kwa nini bado nina hasira wakati mambo yameisha vizuri. Yameisha vizuri kwa nani? Mji huu ulitoa senyenge, geti na heshima kwa mwami ambaye hajawahi kuwako. Mama angesema ni mtoto wake, tena mtoto wa mkimbizi, wangechimba choo. Mimi najua wangechimba. Na muuza ndizi anayesalimia mama kwa kupiga goti leo ndiye angekuwa wa kwanza kulipia kuingia chooni.

Jua la pale kwenye kona linanichoma kichwa. Nimeomba turubai, mwenyekiti anasema itaangaliwa. Leo asubuhi mama alitoka, akafunga kufuli, akasubiri lori la mafuta lipite, akavuka. Alikuwa na majani makavu kwenye nywele. Akaniuliza kama nimekwisha kumlisha mtoto.

"Bado. Nina mikono mingapi?"

Akafungua kanga kwenye mguu wa benchi, akamchukua mjukuu wake kwa mkono, wakavuka pamoja. Akafungua tena geti, akamketisha upande wa mashariki, akaanza kumlisha.